Bendi ya Mseto na Ngoma ya Maji

Hapo zamani, na siyo zile zamani za sungura kumposa binti wa simba, hapana, zamani za karibu tu, watu walishakuwa na baiskeli na mashine ya kusaga, palikuwa na mji unaitwa Kitopeni kando ya mto Chamwele. Sogeeni nisikauke koo. Hadithi hii ina kicheko mbele na kilio nyuma, na mwisho wake mtaumaliza nyie, maana kila aliyeisimulia umemshinda.

Kitopeni ilikuwa bondeni, na juu yake kilima cha Kilole. Wa Kitopeni walilima mpunga. Wa Kilole walilima ndizi, na walilinda mto. Maana Chamwele ulikuwa na tabia ya mume mlevi: umelala, umelala, miaka inapita, siku ukiamka unavunja nyumba. Mvua inanyesha huko juu misituni, chini jua kali, watu wameanika mpunga wao wanapiga soga, mara maji haya hapa. Ndiyo maana tangu enzi za mababu palikuwa na ngoma Kilole, kubwa kama pipa, inaitwa Ngoma ya Maji. Mlinzi wake akiona mto umegeuka rangi kule juu, anaipiga. Na mpigo wake ulikuwa na maneno, mtoto wa Kilole anayajua kabla hajaota meno:

Panda, panda,
acha chungu, acha jiko,
panda.

Basi, kazi yake hiyo tu. Haipigwi harusini, haipigwi msibani. Mtoto akiuigiza mpigo ule kwenye sufuria, anachapwa.

Sasa Kitopeni alikuwepo mwanamke anaitwa Siwema. Huyo alikuwa na sauti, jamani. Akiimba wimbo wa kumtoa mwari, bibi harusi analia, mama yake analia, na jirani aliyekuja kusengenya naye analia, halafu anasengenya vizuri zaidi. Mume wa Siwema alikwenda migodini akaota mizizi huko. Alimwachia mimba na shoka lisilo na mpini. Siwema akabaki na mama yake, Bi Mtumwa, na wanawe wawili wa kiume, Nasibu na Heri, kisha yule wa tumboni akazaliwa, wa kike, akaitwa Zamda. Mlango mmoja huo, watu watano.

Akaja Feruzi. Kijana wa hapo hapo Kitopeni, alikwenda mji wa bandari akarudi na gitaa na suruali imembana mpaka akitaka kukaa anamwomba Mungu kwanza. Feruzi alijua dansi. Rumba, chacha, zote alizipiga huko kwenye kumbi.

Akaja Chilongani, mtu wa nyanda kavu, mleta chumvi, yeye na mkewe Nyemo na zeze lake. Zeze ni kibuyu na nyuzi chache tu, lakini Chilongani akilikwaruza utasema mtu anakumbuka kwao. Alikuwa mnene, mpenda kula, na mwenye haraka. Ukimwita chakulani, anafika jina halijaisha mdomoni mwako.

Wa mwisho akaja Mbelwa, mpiga ngoma, kijana mpole wa Kilole aliyeshuka kuendesha mashine ya kusaga. Mjomba wake, mzee Sengasu, ndiye aliyekuwa mlinzi wa Ngoma ya Maji.

Wakaanza kwa mchezo tu, jioni, nyuma ya nyumba ya Siwema. Siwema anaimba nyimbo za harusi, Feruzi anazitandikia rumba chini, Chilongani anapitisha zeze lake katikati kama mtu anayetafuta mlango gizani, na Mbelwa anashona vyote pamoja. Majirani wakacheka. Wakasema hiki nini, mara pwani mara bara, mara harusi mara dansi, huu si mseto huu, mchele na choroko chungu kimoja? Jina likaganda. Bendi ya Mseto. Na mseto ukiiva nani anaubakiza kwenye sahani? Wale wale waliocheka ndio waliokuja kukatika viuno.

Bendi ilikuwa na sharti moja: kila mtu alete cha kwao. Siwema kaleta cha harusini. Feruzi kaleta cha bandarini. Chilongani kaleta cha nyanda kavu. Mbelwa hakuleta kitu, alipiga vya wenzake tu. Na nyie mnajua watu wakishazoeana midomo inakuwaje.

"Mbelwa, kwenu hamna ngoma?" Feruzi akamuuliza siku moja.

"Zipo."

"Zipo wapi? Wewe kila siku unakuja karamuni mikono mitupu, unatoka umeshiba."

"Kwao wanapiga migomba," Chilongani akasema, mdomo umejaa muhogo. "Ukipiga sana inadondosha ndizi, wanakula, wanalala."

Siwema naye badala ya kuwanyamazisha akatia yake. "Mwacheni mdogo wangu. Wa Kilole walipewa masikio ya kuvalia hereni tu."

Wakacheka mpaka Zamda akaamka mgongoni. Mbelwa hakucheka. Akavuta ngoma magotini, akapiga. Akapiga polepole, mpigo mzito, mara moja tu. Siwema aliuhisi tumboni, pale pale anapolala mtoto kabla hajazaliwa. Hata Chilongani aliacha kutafuna.

"Hiyo nini?" Siwema akauliza.

"Ngoma ya Maji. Haipigwi. Nimewaonyesha tu mjue kwetu kuna kitu."

Huko ndani Bi Mtumwa alikuwa akichambua mchele. Akatoka na ungo mkononi. Yeye aliisikia mara moja, bado msichana, mwaka ambao mto ulibeba nusu ya mji. "Nani kapiga hiyo? Hiyo si ngoma ya viuno. Irudisheni ilikotoka."

"Tumeacha, mama," Siwema akasema.

Hawakuacha. Mwiko ukishaonja asali hauoshwi. Kesho yake Feruzi akaja na gitaa. "Nimeiwaza usiku kucha," akasema. "Tukiikimbiza kidogo haitakuwa ile. Itakuwa nyingine, itakuwa yetu." Akaikimbiza. Kweli ikawa nyingine. Ule uzito wa tumboni ukahamia kiunoni. Chilongani akaipitishia zeze. Mbelwa akakataa, akakataa, kisha mikono yake ikakubali kabla yake.

Yakabaki maneno. Mbelwa akamwambia Siwema maneno ya kwao, panda, acha chungu, panda. Siwema akashtuka. Maneno ya kukimbia hayo, ya msiba. Akayapindua, yawe ya heri, yawe ya kukaribisha watu:

Shuka, shuka,
acha chungu, acha jiko,
shuka.

Maana Mseto walikuwa wakipigia Mchangani, pale mto unapopinda na kuacha uwanja wa mchanga mweupe, mguu peku unacheza raha, upepo unapita. Mtu anatoka kwake juu, anashuka mchangani. Ndiyo maana ya wimbo, basi. Mbelwa alipousikia alicheka mpaka akashika mbavu. "Umeigeuza kama nguo, dada," akasema.

Feruzi akamalizia. Akasema huko bandarini kila bendi ina mlio wake wa kuitia watu, wetu uwe huu. Mbelwa aanze peke yake, ngoma tupu, watu wasikie mpaka majumbani, wakifika wengi ndiyo tunaingia na vyombo. Ikawa hivyo. Kila siku ya gulio, jioni, ngoma tupu inalia Mchangani: ndu, ndu, ka-ka-ndu. Na Kitopeni nzima inaacha chungu, inaacha jiko, inashuka.

Ulipendwa wimbo ule, ulipendwa kupita kiasi. Jumbe Mhando, mkuu wa mji, aliuagiza harusini kwa binti yake, akaucheza mpaka kofia ikamdondoka ikakanyagwa, na hakuiokota. Watoto waliuimba wakienda kuchota maji. Bi Mtumwa mwenyewe, ambaye kwanza alikuwa akiziba masikio, siku moja Siwema alimkuta anatwanga na mchi unakwenda ndu, ndu, ka-ka-ndu. Wakatazamana. "Shetani mkubwa wewe," Bi Mtumwa akasema, akacheka, akaendelea kutwanga. Tangu siku hiyo alikuwa wa mbele Mchangani, na kanga ya pili mkononi ya kumtuza mwanawe.

Mzee Sengasu alishuka siku moja kuuza ndizi. Akausikia. Watu walimwona amesimama na mkungu begani, hautui, kama mtu aliyesahau kwamba amebeba. Akamvuta mpwa wake pembeni.

"Umeitoa," akasema.

"Mjomba, hii si ile. Ile ni ya polepole, hii ya haraka. Na maneno si yale."

"Mtu aliye mbali husikia maneno?"

Mbelwa akainama. Sengasu angekwenda kwa Jumbe hapo hapo. Angesema, ngoma yenu ya kuwaokoa imeliwa, tafuteni nyingine, pigeni baragumu, washeni moto kilimani. Lakini mtu wa Kilole anayeitoa Ngoma ya Maji hukanwa na ukoo, na Mbelwa alikuwa mtoto wa dada yake marehemu, kamlea mwenyewe. Akabeba mkungu wake akapanda kilima. Hakusema kwa mtu.

Sasa njooni kwenye siku yenyewe.

Siku ya gulio, saa za alasiri, jua linachoma. Siwema alikuwa mashineni, mwisho wa mji, upande wa juu, na debe lake la mahindi. Mbelwa ndiye anayesaga. Mashine inanguruma, unga unaruka, wanawake wanapigiana kelele za masikioni. Zamda na kaka zake kawaacha na bibi yao.

Kule Kilole mzee Sengasu aliona mto umekuwa mwekundu na miti mizima inakuja imesimama ndani yake. Akakimbilia ngoma. Akapiga. Ndu, ndu, ka-ka-ndu.

Kitopeni wakasikia.

"Mama kaanza," Heri akasema, mguu mmoja ulishatoka nje. "Bibi, mama kaanza."

"Mapema hivi?" Bi Mtumwa akasema. Lakini alishasimama. Akamfunga Zamda mgongoni, akachukua kanga ya kutuzia, akawapa wajukuu mkono huku na huku.

Chilongani alikuwa anakula. "Wameanza bila mimi," akamwambia mkewe. "Watu hawa hawana adabu." Akaiacha sahani, na Chilongani kuacha sahani ni jambo kubwa, akakwapua zeze akatoka mbio. Wako waliokuwa wanasitasita milangoni wakisema mbona leo mapema, mbona Siwema nimemwona anaelekea mashineni. Walipomwona Chilongani na zeze lake anakimbilia Mchangani, wakasema kumbe kweli. Wakamfuata. Waliacha vyungu, waliacha majiko.

Sengasu kule juu anawaona. Anaona watu wadogo kama siafu wanashuka. Akapiga kwa nguvu na haraka zaidi. Na alivyozidi kupiga ndivyo walivyozidi kukimbia, maana mpigo wa haraka ndio wa wimbo. Ngozi ya ngoma ikawa na damu, na watu wanashuka.

Mashineni mkanda wa mashine ukakatika. Mbelwa akazima injini, akachutama kuutazama. Kukawa kimya. Ndipo Siwema akaisikia ngoma, kwa mbali. Akataka kucheka, akataka kusema, Mbelwa, wenzako wamekuanzia. Akamtazama. Mbelwa yuko pale, kachutama, mkanda mkononi, unga kichwani. Wakatazamana hivyo. Mpiga ngoma yuko hapa, nani anapiga?

Sitawaeleza walivyokimbia.

Maji hayakuja kwa kupanda. Yalikuja yamesimama, kama ukuta unatembea, rangi ya chai ya maziwa, na magogo ndani yake. Mchanga ule mweupe ulikuwepo, halafu haukuwepo. Feruzi ndiyo anafika, kachelewa kwa kupiga pasi ile suruali yake. Akatupa gitaa akajirusha. Alimpata Bi Mtumwa ameng'ang'ania mzizi wa mkuyu, Zamda mgongoni, Nasibu na Heri wamening'inia kwenye kanga yake.

"Mchukue huyu," Bi Mtumwa akasema, akamvua mtoto mgongoni, maji yako shingoni. "Mimi na hawa tunakungoja."

Feruzi akaogelea kwa mkono mmoja, nguo ya Zamda kaiuma kwa meno, akamweka nchi kavu mikononi mwa mtu, akageuka kurudi. Mkuyu wenyewe haukuwepo.

Siwema alipofika alimkuta Zamda analia, na Feruzi kapiga magoti kwenye tope, suruali ina mstari wa pasi bado. Watu wengi walikufa Mchangani siku ile. Chilongani alikutwa chini kabisa kwenye mashamba ya mpunga, na shingo ya zeze mkononi. Nasibu akapatikana, na Bi Mtumwa akapatikana. Heri mpaka leo hajapatikana.

Wakazika. Wakatandika tanga. Sasa sikilizeni mila ya Kitopeni, maana hapa ndipo mtego ulipo.

Vifo vikiletwa na mkono wa mtu, tanga halianuliwi mpaka mtu huyo atajwe. Halianuliwi, na tanga likiwa chini mpunga haupandwi. Anayetajwa anazimiwa jiko: moto wake unamwagiwa maji mlangoni kwake, anavushwa mto, haitikiwi salamu tena na mtu wa Kitopeni maisha yake yote, na watoto wake wanabaki, wanakuwa wa mji. Na ni mmoja tu. Wazee walisema, mmoja ni adabu, wawili ni kisasi. Na anayenyoosha kidole ni mwenye msiba mkubwa kuliko wote.

Nani alikuwa na msiba mkubwa? Mama mmoja, wana wawili, mlango mmoja. Siwema.

Wakakaa uwanja wa kuanikia mpunga, tope limekauka limepasuka kama kisigino. Miche ya mpunga ilishaanza kugeuka njano kitaluni, ikingoja. Siwema kakaa na Zamda kifuani ananyonya. Tangu siku ile alikuwa hajatoa sauti, si ya wimbo wala ya kuomba chumvi. Jumbe Mhando akasema, kila mwenye lake aseme, Siwema asikie.

Mbelwa akasimama. "Mimi ndiye niliyeitoa," akasema. "Nilijua haitolewi. Mjomba alinifundisha kwa fimbo, sikusahau. Lakini niliipiga mara moja tu, polepole, na nikasema haipigwi. Mlinicheka. Wewe Siwema ulinicheka. Niliyoitoa mimi ilikuwa Ngoma ya Maji, ingelia vile nilivyoipiga mimi hakuna ambaye angecheza. Iliyowashusha watu siyo ile."

Akasimama Feruzi. Hakuwa na suruali ya kubana siku hiyo, kajifunga shuka. "Basi ni mimi," akasema. "Mimi niliikimbiza. Mimi nilisema ianze ngoma tupu, ndiyo maana watu wakisikia ngoma tupu wanashuka. Nayasema mwenyewe msipate taabu. Lakini mimi si wa Kilole. Kwangu mimi mpigo ni mpigo, huko nilikokuwa tunachukua wa huyu na wa yule, hakuna anayekufa. Mwenye kujua ni yule anayejua. Na mtoto huyo anayenyonya, Siwema, unajua nani alimtoa."

Watu wakaguna. Bi mmoja akasema kwa jirani yake, "Hilo la mtoto angeliacha." Jirani akajibu, "Ungeliacha wewe?"

Akasimama mzee Sengasu, mikono imefungwa vitambaa. "Nilisikia kwa masikio yangu, nikanyamaza kwa ajili ya mtoto wa dada yangu. Siku ile nilipiga kwa sababu ndiyo kazi yangu, ningepiga nini kingine? Ningeacha kupiga, wangekufa waliokuwa majumbani kwao bondeni. Nilipopiga, wakafa waliokimbia. Nizimieni jiko. Ila macho yangu yamekwisha, na mpigo ule wa kweli tunaujua wawili tu, mimi na huyu Mbelwa. Mkinitoa mimi, mwekeni yeye ngomani. Mkimtoa yeye, mimi nikifa hamtakuwa na ngoma."

Jumbe Mhando akajikuna shingo. Akakohoa. Mkewe naye alikufa Mchangani, mtu huyo alikuwa amekonda kama ufito. "Siwema, mama," akasema, "kuna njia nyepesi. Chilongani alikuwa wa bendi. Alijua ngoma haiwezi kuanza bila Mseto kukutana, na alikimbia, na watu walimfuata yeye. Walioponea mlangoni wamesema hivyo. Na yeye ameshavuka mto mkubwa kuliko wetu. Ukimtaja yeye, hakuna jiko linalozimwa. Kesho tunapanda mpunga."

Ah, watu walishusha pumzi. Wengine walianza hata kukung'uta kanga zao, waondoke. Maiti hana mdomo, bwana, maiti ni mtu wa kusingizia vizuri sana.

Lakini Nyemo akasimama. "Mume wangu alikuwa mlafi na mwenye pupa," akasema, "hilo nalijua mie niliyempikia. Alisikia ngoma ya bendi yake akaacha ugali akaenda kazini. Hilo ndilo kosa lake. Jumbe hajawaambia kwamba maiti akitajwa anafukuliwa, anazikwa ng'ambo. Wala hajawaambia wanangu wataitwa nini kisimani. Na tukizungumzia waliocheza, Jumbe, kofia yako umeiokota?"

Jumbe akatazama chini. Ndipo kikongwe mmoja aliyefiwa na mjukuu wake akasema pale pale alipokaa, bila kuinua sauti, kama anayeomba kusogezewa mkeka:

"Wote wamesema. Aliyetuambia tushuke hajasema."

Siwema alilisikia neno lile, na halikuwa geni kwake. Alikuwa nalo kila usiku. Ngoma ilisema panda. Feruzi kaikimbiza, lakini ilisema panda bado. Aliyeiambia shuka ni nani? Wanawe walishuka kwa sababu walidhani mama yao anaimba. Akitaja wengine wote, hilo linabaki.

Lakini akijitaja mwenyewe, Zamda anabaki. Anabaki na nani? Bibi hayupo, baba ana mizizi migodini. Anakuwa mtoto wa mji, leo analala kwa huyu, kesho kwa yule, ziwa limekatwa mdomoni. Na siku akikua akaenda ng'ambo ya mto, akakutana na mwanamke, mwanamke akamsalimu, yeye hataruhusiwa kuitika. Bi Mtumwa alimvua mtoto yule mgongoni maji yakiwa shingoni, ili iwe hivyo?

Amtaje Feruzi? Mkono uliomtoa Zamda majini, auzimie moto? Amtaje Mbelwa? Yeye mwenyewe Siwema alimcheka mpaka akaitoa, halafu mji ubaki bila ngoma na mto bado upo pale unapita. Amtaje Sengasu? Mzee aliyetoa damu mikononi akiwaita watu wapande, avushwe ng'ambo akafe peke yake, kosa lake ni kumpenda mtoto wa dada yake. Amtaje Chilongani? Maiti hapati taabu, taabu wanapata watoto wa Nyemo, na Nyemo ndiye aliyemnyonyesha Zamda siku ile maziwa ya Siwema yalipokauka kwa kilio.

"Siwema," Jumbe akasema. "Jua linazama. Miche inakufa."

Siwema akamtoa Zamda ziwani. Akampa Nyemo amshike. Hapo watu wakaanza kunong'onezana, wengine wakisema kampa mtu mtoto, basi kajitaja, wengine wakisema hapana, mtu hanyooshi kidole akiwa amebeba, wengine wakasema kampa Nyemo kwa kumwomba msamaha kabla hajamtaja mumewe. Mbelwa kafumba macho. Feruzi kamkazia macho Zamda. Mzee Sengasu anafungua vitambaa mikononi polepole, kama mtu anayejiandaa kwa safari.

Siwema akasimama. Akainua mkono.

Haya, wanangu, mkono uko juu na miche inanyauka. Aliyeitoa ngoma, aliyeikimbiza, aliyeipindua maneno, aliyejua akanyamaza, au aliyekimbia wa kwanza na wote wakamfuata? Mmoja tu, hamruhusiwi wawili. Je, nani alistahili kuzimiwa jiko?